Nina yuniti 54, mbona chuo kikuu bado kiko mbali?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 22. Wazazi wangu ni Wakongo, nimekulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, na sasa tunaishi San Diego, California: baba, mama, mimi na wadogo zangu wanne. Sekondari nilimalizia hapa, kisha nikaingia chuo cha jamii. Mwalimu wangu alituambia hiyo ndiyo njia nafuu: unasoma miaka miwili karibu na nyumbani, halafu unahamia chuo kikuu cha umma kumalizia miwili mingine. Baba alikuwepo siku hiyo. Maneno "miaka miwili" aliyasikia vizuri sana, na mpaka leo ananidai.

Miaka miwili imeisha mwezi wa tano. Nina yuniti 54, yaani vile vipimo vya uzito wa kozi. Nilipokwenda kwa kaunsela kuuliza naondoka lini, alifungua kompyuta akaanza kukata. Yuniti 12 za ESL, yaani Kiingereza cha wageni nilichoanza nacho, chuo kikuu hakizihesabu. Kozi ya kompyuta, yuniti 3, nayo haihesabiwi. Kemia ya kwanza, yuniti 5, nilipata D, haihesabiwi mpaka niirudie. Zikabaki 34. Zinazotakiwa ni 60. Nilitoka pale nikakaa kwenye gari nikalia.

Kemia niliangushwa na usingizi. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya usiku, siku nne kwa wiki, na maabara ilikuwa saa mbili asubuhi. Kozi nyingine sijafanya vibaya: biolojia ya kwanza B, takwimu A, afya ya jamii A. GPA yangu, yaani wastani wa alama, ni 2.9.

Fani niliyoandikisha ni biolojia, maana baba amesema nitakuwa daktari na ukoo mzima umeshapigiwa simu. Mimi mwenyewe ile kozi ya afya ya jamii ndiyo iliyonifanya nisahau kuangalia saa darasani. Hilo sijamwambia mtu.

Ninataka UC San Diego, kampasi ya University of California, kwa sababu iko hapahapa. Rafiki yangu ananishauri niachane nayo, nichukue TAG, ule uhakika wa kupokelewa, niende UC Riverside. Lakini mama ana kisukari, na kila miadi ya hospitali mimi ndiye mkalimani wake. Nikiondoka atasemewa na nani?

Halafu kuna pesa. Baba hataki nishuke chini ya yuniti 12, kwa sababu hela ya Pell, ule msaada wa masomo wa serikali kuu, ikipungua kodi ya nyumba inayumba. Kwa hiyo kila muhula najaza: nikikosa kozi ninayoitaka, nachukua yoyote yenye nafasi. Na Jumapili tukitoka kanisani ananiuliza mbele za watu kwa nini binamu yangu wa Texas yuko chuo kikuu na mimi niko "shule ya mtaa".

Niombe Novemba hii au ningoje? Na kwenye fomu niandike kwamba nafanya kazi usiku, au wataona natafuta huruma?

Mimi,
Binti wa Yuniti, San Diego

*

Marahaba mwanangu,

Hizo yuniti 12 za ESL usizililie. Bila hizo usingekuwa na A ya takwimu. Za kusikitikia ni zile ulizochukua kwa sababu darasa lilikuwa na nafasi, na hata hizo si kosa lako peke yako, nitalifikia.

Alichokuonyesha kaunsela ni jambo ambalo wanafunzi wengi wa chuo cha jamii hulijua wakiwa wamechelewa. Sitini ni idadi ya kufika mlangoni. Mlangoni unaulizwa: sitini za nini? Kozi inayokubaliwa na UC San Diego inaweza isikufae San Diego State, na inayomtosha mwanafunzi wa saikolojia haimsaidii wa biolojia. Ndiyo maana watu wawili wenye yuniti sawa, mmoja anaondoka na mwingine anabaki.

Dawa yake haihitaji hela. Fungua assist.org, tovuti rasmi ya vyuo vya umma vya California. Unachagua chuo chako, unachagua unakotaka kwenda, unachagua fani. Inakutolea ukurasa: upande mmoja kozi ambazo chuo kikuu kinazitaka, upande wa pili kozi za chuoni kwako zinazokubaliwa badala yake. Fanya hivyo kwa UC San Diego, kwa UC Riverside na kwa San Diego State. Zichape, piga mstari chini ya ulizokwisha kufaulu, kisha nenda nazo kwa kaunsela. Kaunsela ana foleni nje ya mlango. Ukiingia mikono mitupu utapewa ushauri unaomfaa kila mtu. Ukiingia na karatasi tatu zenye mistari, mtazungumza mambo yako wewe. Na akikuandikia mpango wa masomo, omba nakala uondoke nayo, maana muhula ujao unaweza kukutana na kaunsela mwingine.

Sasa lile ambalo hujamwambia mtu.

Umeniandikia barua ndefu kuhusu biolojia, na sentensi pekee yenye furaha ndani yake inahusu afya ya jamii. Sikuambii ubadilishe fani kesho asubuhi. Ila ujue kwamba shule za udaktari za Marekani huingiwa baada ya shahada ya kwanza, na hazilazimishi shahada hiyo iwe ya biolojia. Zinataka kozi fulani za sayansi pamoja na maabara zake, na mtihani wa MCAT. Mtu anaweza kusoma afya ya jamii, akachukua kozi hizo pembeni, akaomba udaktari. Kwa hiyo simu zile za ukoo hazijawa uongo. San Diego State na UC San Diego zote zina shahada ya afya ya jamii. Fungua ASSIST kwa fani hiyo pia, uone sayansi zake ni zipi, usidhani umekwepa maabara.

Tuje kwenye Novemba. Kama unabaki na biolojia, ngoja, ndilo jibu langu, na nitakueleza kwa nini. Una kemia ya kwanza ya kurudia, kemia ya pili, hesabu ya kukuandaa kwa kalkulasi, kalkulasi yenyewe, na biolojia ya pili. Baadhi ya kampasi zitakuongezea kemia ogani au fizikia. Kozi hizi hupangana, ya pili haifunguki mpaka ya kwanza ifungwe. UC wanataka yuniti 60 ziwe zimekamilika mwishoni mwa muhula wa masika, kabla ya msimu wa vuli unaoingia. Ukiomba Novemba hii, una mihula miwili ya kuyabeba yote hayo ukiwa na zile zamu nne za usiku zilizokupa D. Ukiomba Novemba ya mwakani una mihula minne, unasoma kozi mbili ngumu kwa muhula, na ile kemia ukiirudia vizuri UC watahesabu alama mpya badala ya D. GPA ya 2.9 inavuka kiwango cha chini cha UC kwa mkazi wa California, ambacho ni 2.4, lakini kiwango cha chini ni cha kuruhusiwa kuomba tu. Biolojia ya San Diego inagombewa na watu wenye zaidi ya hapo.

Kama moyo umeshahamia afya ya jamii, takwimu unayo tayari na unaweza kujaribu Novemba hii kwa San Diego State na kampasi nyingine za CSU, yaani California State University. Yuniti 26 kwa mwaka zinawezekana. Zinawezekana kwa mtu anayelala, sharti ndilo hilo: upunguze zamu ziwe mbili, au utafute za mwisho wa wiki. Na kwa upande huo wa CSU, muulize kaunsela kuhusu shahada ya uhamisho, ile wanayoiita ADT. Ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2010. Ukiimaliza na yuniti 60, mfumo wa CSU unakuhakikishia nafasi ukiwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Lakini sikia vizuri: uhakika ni wa mfumo wenye kampasi zaidi ya 20, si wa geti la San Diego State. Wapo waliolia kwa kutolielewa hilo.

Rafiki yako na wewe mnagombana bure. TAG hutolewa na kampasi sita kati ya tisa za UC: Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz. San Diego haimo, Berkeley na Los Angeles nazo hazimo. Unaruhusiwa kuomba TAG ya kampasi moja tu, lakini kuwa nayo hakukuzuii kuomba nyingine. Omba TAG Riverside, halafu kwenye fomu ya kawaida weka San Diego. San Diego wakikataa, Riverside ipo. Kila kampasi ina GPA yake ya TAG na kozi zake, na fani nyingine hazimo kabisa, kwa hiyo soma masharti ya mwaka unaoomba, usiyapokee kwa mdomo wa mtu. Dirisha la TAG ni tarehe 1 hadi 30 Septemba. Fomu ya UC hufunguliwa Agosti, hupokelewa kuanzia 1 Oktoba, na wewe usiruhusu 30 Novemba ikukute hujatuma. Januari watakutaka uwape alama za muhula ulioisha. Watu husahau hatua hii na kuharibu kazi yote. Ada ya maombi ya UC ni dola 80 kwa kila kampasi, na mtu wa kipato chenu anaweza kusamehewa hadi kampasi nne. Fomu yenyewe inakuuliza mapato ya nyumbani na kukujibu hapohapo.

Jambo dogo hapa: mimi ni mtu wa Kasulu, najua vitambulisho vya kambi. Wengi tulioandikishwa kule tumezaliwa tarehe 1 Januari, na majina yameandikwa yanavyosikika. Hakikisha jina lililo kwenye kadi ya Social Security ndilo lililo kwenye FAFSA, ile fomu ya kuombea msaada wa fedha, chuoni na kwenye fomu ya UC. Herufi moja ikitofautiana, msaada wa fedha unaweza kukaa miezi bila kutoka.

Pesa, sasa. Ninajua hundi ya Pell inafanya kazi gani katika nyumba nyingi za watu wetu, na simlaumu mzee. Kodi ya San Diego si mchezo. Lakini yeye anaiona kama mshahara, na Pell ni kisima chenye kipimo: mtu hupewa kiasi cha mihula 12 ya masomo kamili katika maisha yake yote, basi. Umeshakunywa minne. Kila muhula unaojaza kozi isiyokupeleka popote, umechota kwenye miaka ya chuo kikuu, ambako ndiko hela inakohitajika zaidi. Tena fedha za serikali kuu zinatakiwa zilipie kozi zilizomo kwenye programu uliyoandikisha, kwa hiyo hizo "zenye nafasi" huenda hata hazilipiwi. Tangu mwaka wa masomo wa 2024 Pell hukatwa kwa uwiano: ukisoma yuniti 9 badala ya 12 unapata robo tatu, na kisima nacho kinapungua kwa robo tatu tu. Kinachobaki kinakusubiri.

Na hili ndilo la kumwonyesha baba kwenye karatasi. Yuniti moja chuo cha jamii California ni dola 46. Kemia ya yuniti 5 ni dola 230, na kwa kipato chenu mnaweza kusamehewa hata hizo kupitia California College Promise Grant. Ada ya CSU kwa mwaka ni zaidi ya dola 6,000. Ya UC ni kama 15,000, kabla hujalala wala kula. UC wana mpango unaoitwa Blue and Gold: mkazi wa California anayestahili msaada wa fedha, ambaye mapato ya familia yake hayavuki kiwango walichoweka, hufunikiwa ada yote. Lakini kwa anayehamia kutoka chuo cha jamii mpango huo ni wa miaka miwili ya kwanza pale. Ukifika UC bila kalkulasi na kemia, utazisoma kule, miaka miwili itakuwa mitatu, na wa tatu mpango umeshakwisha. Baba yako anadhani mwaka mmoja zaidi chuo cha jamii ni hasara. Hasara yenyewe ni kuondoka kabla ya wakati.

Usimwambie haya Jumapili. Akikuuliza mbele za watu, jibu "baba, nitakuletea mpango wangu nyumbani", unyamaze. Mtafute mtu mmoja anayemheshimu, mjomba au mzee wa kanisa, umweleze kwanza, kisha mkae watatu na karatasi mezani: kozi kwa mihula, tarehe ya kuomba, tarehe ya kuhamia, na hesabu ya fedha. Hundi itapungua kiasi gani, mseme waziwazi, na kodi itajazwa vipi, labda na mdogo wako mkubwa kama ameshafikia umri wa kazi. Mzazi aliyeambiwa "bado" miaka miwili anahitaji tarehe. Binamu wa Texas mwache na mambo yake. Siku ya mahafali shahada yako itaandikwa jina la chuo kikuu ulichomalizia, si ulikoanzia.

Kuhusu mama. Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu, na karibu zote zinazopokea Medi-Cal, bima ya afya ya California kwa wenye kipato cha chini, zimo, zinalazimika kisheria kumpatia mgonjwa mkalimani bure, wa ana kwa ana, wa simu au wa video. Pigeni simu siku miadi inapopangwa, mseme ni Kiswahili cha Kongo, au Kibembe kama ndicho anachokisikia vizuri, na mtake kiandikwe kwenye faili lake. Anza mwezi huu, ungali nyumbani, ili umsindikize mara mbili tatu huku mkalimani ndiye anayesema na wewe umekaa kama binti yake tu. Kuna mambo mama hawezi kumwambia daktari kupitia kwa mtoto wake, na amekuwa akiyameza. Ukiishia UC San Diego au San Diego State, treni za mjini zinasimama ndani ya kampasi zote mbili, Blue Line ilifika UC mwaka 2021, utakuwa unalala nyumbani. Ukiishia Riverside ni kama kilomita 160. Ni mbali, lakini si Texas.

Ushike jambo moja kuhusu biolojia: usikimbilie kumaliza orodha ya masomo ya jumla. Tangu vuli ya 2025 orodha hiyo inaitwa Cal-GETC na inakubalika UC na CSU, kwa hiyo makaunsela huipenda. Kwa fani za sayansi, UC huangalia kwanza sayansi umezifanya vipi. Historia ya sanaa itakungoja.

Na zile zamu za usiku, andika. Fomu ya UC ina sehemu ya kazi, wanauliza saa kwa wiki, jaza ukweli wako. Halafu kuna maswali manne ya kujibu, kila jibu lisizidi maneno 350. Moja ni la lazima kwa anayehamia: umejiandaaje kwa fani uliyochagua. Hapo ndipo ilipo D yako pia. Sema ilikuwa muhula gani, ulikuwa unafanya kazi saa ngapi, ukabadilisha nini, na ukirudia umepata ngapi. Watu wetu kwenye maswali haya hukosea namna mbili. Wengine huandika vita na kambi ukurasa mzima mpaka msomaji hajui mwombaji mwenyewe amefanya nini. Wengine huandika "sisi", kwa adabu, kila mahali. Andika "mimi". Mimi niligeuza wagonjwa saa nane usiku ili wasipate vidonda. Mimi nilimweleza mama yangu kipimo cha sukari kwa lugha anayoielewa. Huko si kuomba huruma, ni maelezo ya mtu anayetaka kusoma afya. Na saa unazomhudumia mama na wadogo zako, nazo ziandike kama shughuli, kwa idadi yake kwa wiki.